Nyumba Yako, Ardhi ya Mwenzio

Jumapili iliyopita, baada ya swala ya alasiri, mpwa wangu alinipigia simu kutoka Iowa. Tulipomaliza shikamoo na marahaba, na habari za mama yake aliyeko Mombasa, akaniambia, "Mjomba, nimepata nyumba. Vyumba vitatu, dola 38,000." Akanyamaza, akingoja nimpongeze. Nikamuuliza, "Imekaa juu ya ardhi ya nani?" Akanyamaza tena, na safari hii kimya kikawa kirefu.

Wasikilizaji wangu, leo nataka tuzungumze habari ya kimya hicho.

Nyumba aliyoipata ni treila. Wamarekani wana majina kadhaa ya nyumba hizi, lakini sisi tunaosema Kiswahili huku tumezoea kuziita treila, nami nitaziita hivyo hivyo. Hujengwa kiwandani juu ya fremu ya chuma yenye magurudumu, ikavutwa na lori mpaka inapokwenda kukaa. Hapo hutegemezwa kwa nguzo za matofali ya saruji, hufungwa chini kwa mikanda ya chuma, na ule uwazi ulio chini yake huzungushiwa ukuta mwembamba waitao sketi. Ile nyembamba ina upana wa futi 14 hadi 18, ndefu kama behewa la gari moshi. Ile pana ni vipande viwili vilivyounganishwa, na ukipita barabarani unaweza usijue kama si nyumba ya kawaida. Karibu watu milioni 20 wanaishi humo kote Marekani: wazee wastaafu, wakulima, wafanyakazi wa viwandani, Wameksiko, Waguatemala, na siku hizi ndugu zetu wengi kutoka Kongo.

Kwa hiyo ikiwa kuna mtu anakudharau kwa kutaka treila, mwache na dharau yake. Mpwa wangu analipa dola 1,200 kila mwezi kwa nyumba ya kupanga ghorofani, vyumba viwili, yeye na watoto wawili. Anafanya kazi za usiku katika makao ya kulea wazee. Watoto wakikimbia sebuleni, jirani wa chini anagonga dari kwa mpini wa fagio. Aliniambia, "Mjomba, nawafundisha wanangu kutembea kama wezi ndani ya nyumba yao wenyewe." Mtu wa namna hii akiona nyumba yenye mlango wake, bila mtu juu wala chini, na kipande cha majani ambapo mtoto anaweza kupiga mpira, moyo wake hauwezi kutulia. Treila mpya ile nyembamba, mwaka 2023, ilikuwa kama dola 85,000. Ile pana kama 150,000. Nyumba mpya ya kawaida bei yake ni mara kadhaa ya hapo. Treila iliyotumika unaweza kuipata kwa fedha za gari. Kwa mshahara wake, njia nyingine alizo nazo ni chache sana.

Mimi mwenyewe nimekaa treila miaka mitatu, nilipokuwa nikifanya kazi kiwanda cha nyama. Nakumbuka baridi iliyopanda kutoka sakafuni, na asubuhi moja ya Januari mabomba yalipoganda tukayeyusha theluji katika sufuria ili tupate maji ya kutawadha. Lakini nakumbuka pia jirani mzee aliyetufundisha kuzungushia mabomba ule waya wa umeme wa kuyapasha joto, na ambaye kila Jumamosi alikuja kula samaki wetu wa kukaanga. Tuliishi vizuri pale, na nyumba yenyewe haikunitia wasiwasi. Kilichonitia wasiwasi ni ile bahasha ya kodi mpya ya kiwanja, iliyotiwa chini ya mlango kila mwaka.

Hapo ndipo nilipomkumbuka nyanya yangu.

Nyanya alikuwa na nyumba Majengo, Mombasa. Nyumba ya Kiswahili kamili: vyumba sita, ukumbi katikati, uwani nyuma penye jiko na choo na mti wa mpera. Alijenga na babu chumba kimoja baada ya kingine, kwa miaka, wakipangisha viwili ili wapate boriti za cha tatu. Kila mwanzo wa mwezi alikuja bwana mmoja mwenye kitabu cha stakabadhi, akakaa barazani, akapewa chai, akapokea kodi ya ardhi. Nyumba ilikuwa ya nyanya, kiwanja kilikuwa cha watu wengine. Watu wa Mombasa wanaijua hali hii na wana jina lake: nyumba bila ardhi. Asili yake ni ndefu. Sheria ya ukoloni ya mwaka 1908 ya kuandikisha ardhi za Pwani iliwapa hati waliodai na kuthibitishiwa, na ardhi ambayo haikudaiwa ikawa ya Serikali. Wengine wote, wenyeji na wageni waliokuja kutafuta kazi mjini, wakajenga kwa ruhusa ya mwenye kiwanja, kwa kodi ya mwezi. Mitaa mizima ilisimama hivyo.

Nyanya alizitunza stakabadhi zake zote katika kopo la biskuti, zimefungwa kwa uzi, miaka na miaka. Aliamini kuwa zikiwa nyingi kiasi kile lazima zina uzito. Halafu kiwanja kikauzwa. Yule bwana hakuja tena. Ikaja barua ya miezi mitatu, nayo ilisema kwa lugha ya adabu kabisa kuwa nyumba ni yenu, hakuna anayebishana nanyi, iondoeni. Tukang'oa mabati. Tukang'oa milango na madirisha na boriti zilizokuwa nzima. Nilikuwa na umri wa miaka tisa, kazi yangu ilikuwa kuokota misumari na bawaba na kuzitia katika kopo. Mkokoteni ulikwenda Kisauni mara nne. Kuta zilibaki, maana kuta za udongo na mawe hazipakiwi.

Sasa mweleze mtu wa Mombasa habari za treila, atakuelewa haraka kuliko profesa. Treila nyingi zimekaa ndani ya viwanja vikubwa waviitavyo paki. Paki ina mwenyewe. Unanunua nyumba kutoka kwa anayehama, au kutoka kwa ofisi ya paki, halafu unalipa kodi ya kiwanja kila mwezi, maisha. Utaambiwa usijali, hii ni nyumba ya kuhamishika. Wakikuchokoza, unaivuta unakwenda. Nisikilizeni vizuri hapa. Treila huvutwa mara moja, kutoka kiwandani, na nyingi hazivutwi tena. Kuihamisha ni maelfu ya dola: kibali, lori, kuitenganisha kama ni pana, kuipandisha upya kwenye nguzo, kuunganisha maji na umeme. Ikiwa ni ya zamani, fremu inaweza kupinda njiani. Na hata ukiwa na fedha, unaipeleka wapi? Paki nyingi hazipokei nyumba kuukuu.

Ajabu ni kwamba sheria nayo inaichukulia kama mali inayohamishika. Katika majimbo mengi hati yake hutolewa na idara ileile inayotoa hati za magari. Kwa sababu hiyo benki haikupi mkopo wa nyumba. Wengi hupewa mkopo wa vitu, wenye riba kubwa zaidi, muda mfupi zaidi, na kinga chache zaidi ukishindwa kulipa. Kwa hiyo mwenye treila anabeba mzigo wa pande zote mbili: mbele ya benki nyumba yake ni gari, na mbele ya mwenye paki ni mti uliokwisha ota mizizi.

Nilimwomba mpwa wangu achukue kalamu, tukapiga hesabu kwenye simu. Na wewe msikilizaji ukiwa na kalamu, shika. Nyumba ni dola 38,000. Ana 4,000 mkononi, alizozipata katika upatu, anakopa 34,000. Amepewa riba ya asilimia 11 kwa miaka 15. Hiyo ni dola 386 kwa mwezi. Kodi ya kiwanja 520. Bima 90. Maji na taka 60. Jumla 1,056. Akafurahi: "Mjomba, ni pungufu ya kodi ninayolipa sasa!" Kweli, ni pungufu kwa dola 144. Lakini tuendelee. Huo mkopo wa 34,000, akiumaliza atakuwa amelipa zaidi ya dola 69,000. Na ile 520 ya kiwanja haina mwisho wala haina kikomo. Mwenye paki akiipandisha kwa nusu, inakuwa 780, na jumla yake inakuwa 1,316. Hapo yuko juu ya kodi ya ghorofani, na hawezi kufungasha virago akaondoka kama mpangaji, kwa kuwa deni la benki limemshika mguu.

Pengine mtasema namtisha mtoto wa watu. Kwa nini mwenye paki apandishe kwa nusu? Basi niwape kisa cha huko huko kwao. North Liberty, mji ulio jirani na Iowa City, kuna paki iitwayo Golfview. Mwaka 2019 ilinunuliwa na kampuni ya uwekezaji kutoka Utah, na muda si muda wakaazi wakapata taarifa kuwa kodi ya kiwanja itapanda kwa zaidi ya nusu. Kulikuwa na wazee waliokuwa wakiishi kwa pensheni. Walikwenda mpaka bunge la jimbo, Des Moines, kusema. Na si Iowa tu. Kwa miaka mingi sasa makampuni makubwa ya fedha yamekuwa yakinunua paki za wenyeji wazee waliochoka, kwa sababu rahisi: mpangaji hawezi kuondoka. Mwekezaji mmoja mashuhuri wa biashara hii, Frank Rolfe, aliwahi kulifananisha jambo hili hadharani na kumiliki mgahawa ambao wateja wake wamefungwa minyororo kwenye viti. Maneno hayo aliyasema mwenye paki mwenyewe. Mimi niliposoma, nilimwona nyanya yangu na kopo lake la biskuti.

Najua kuna wasikilizaji Waislamu wanaosema, "Mimi riba siikaribii, nitanunua taslimu." Nawaheshimu sana, na kwa hakika treila ni miongoni mwa nyumba chache huku ambazo mtu anaweza kuzinunua hivyo. Nawajua kina mama wa Kongo na wa Pwani waliocheza upatu, wengine wakiuita mchezo, wengine likelemba, mmoja akapokea zamu yake na nyingine aliyokopeshwa na wenzake bila faida, akanunua treila ya dola 20,000, siku hiyo hiyo akapewa hati. Hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Bado swali la kiwanja liko palepale. Umeondoa mnyororo wa benki, umebaki na wa ardhi.

Jihadharini pia na ile biashara ya kuambiwa, "Ingia tu, lipa kidogo kidogo, baada ya miaka saba nyumba ni yako." Unatengeneza paa, unabadilisha sakafu, unanunua hita ya maji, lakini hati iko kwa ofisi. Ukikosa miezi miwili kwa sababu ya ugonjwa, unatolewa kama mpangaji, na nyumba uliyoitengeneza anauziwa mwingine. Wahamiaji wasioijua sana lugha ndio wanaonaswa zaidi. Kabla ya kulipa senti ya kwanza, ulizeni jina la nani limeandikwa kwenye hati, na lini litakuwa lenu.

Nini basi, tusinunue? Sisemi hivyo. Nasema tuanze na ardhi, nyumba ifuate.

Njia iliyo bora ni kuwa na kiwanja chako. Treila iliyokaa juu ya ardhi ya mwenye treila, ikafungwa juu ya msingi wa kudumu na hati zake zikaunganishwa na za ardhi, inakuwa mali isiyohamishika. Hapo unaweza kupata mkopo wa kawaida, na thamani yake inaweza kupanda kama ya nyumba nyingine. Gharama zipo: msingi, umeme, kisima, tangi la maji machafu, na hizo zinaweza kufika makumi ya maelfu. Miji mingi inakataza treila nje ya paki, kwa hiyo uliza kaunti kabla hujachukua hata shamba la bure.

Njia nyingine naipenda zaidi, maana ingewafaa hata watu wa Majengo. Mwaka 1984, katika mji mdogo wa Meredith jimboni New Hampshire, wakaazi wa paki waliposikia inauzwa walikataa kungoja barua. Walianzisha ushirika, wakapata mkopo kutoka mfuko wa jamii wa jimbo hilo, wakainunua ardhi wao wenyewe. Kila nyumba hisa moja, kila nyumba kura moja. Kodi ya kiwanja bado inalipwa, lakini inalipwa kwa ushirika, na ikipanda imepandishwa na mkutano wao kwa ajili ya bomba lao au barabara yao. Mwaka 2008 likazaliwa shirika liitwalo ROC USA kueneza mfano huo, na leo kuna jumuiya kama hizo mamia katika majimbo mengi. Ukisikia paki ya namna hii karibu nawe, nenda hata kama nyumba zake ni kuukuu. Nyumba kuukuu hutengenezwa.

Ikiwa njia zote mbili hazipo, angalia jimbo lako. New York, kwa sheria ya mwaka 2019, imeweka kikomo cha asilimia 3 kwa mwaka, ikizidi lazima mwenye paki atoe sababu. Majimbo mengine yanawapa wakaazi nafasi ya kununua paki inapouzwa. Mengine hayana karibu lolote. Basi dai mkataba wa kiwanja wa miaka, uliotiwa saini. Mkataba wa mwezi kwa mwezi chini ya nyumba yenye mkopo wa miaka 15 haufai, hata msimamizi wa paki akiwa mtu mwema kiasi gani. Msimamizi hubadilika, na yule bwana aliyekunywa chai barazani kwa nyanya alikuwa mwema pia.

Nyumba yenyewe naisema kwa haraka. Tafuta kibandiko cha chuma chekundu nje, upande wa nyuma. Kinathibitisha kuwa ilijengwa kuanzia tarehe 15 Juni 1976, siku kanuni za usalama za serikali kuu zilipoanza kutumika. Ya kabla ya hapo, iache. Mkopo na bima ni shida, kuihamisha karibu haiwezekani. Ndani ya kabati la jikoni au karibu na kisanduku cha umeme kuna karatasi inayosema nyumba ilijengewa upepo wa nguvu gani na baridi ya kiasi gani. Kanyaga sakafu kwa kisigino karibu na bafu, choo na hita ya maji. Ikibonyea, maji yameshaingia. Mabomba ya plastiki ya kijivu ya miaka ya themanini hupasuka bila taarifa. Milango isiyofungika vizuri maana yake nguzo zimezama. Na ingia chini ya sketi na tochi, usione haya; kule chini ndiko ukweli uliko.

Kuhusu tonado sina maneno mengi, ila ni mazito. Mtu aliye ndani ya treila ana hatari ya kufa mara 15 hadi 20 zaidi ya aliye katika nyumba ya kudumu. Mikanda ya chuma husaidia kwa upepo wa kawaida, si kwa tonado. Usihamie paki kabla hujajua chumba cha kujificha kiko wapi, na watoto wako wanakifikia kwa dakika ngapi kwa miguu. Siku ya king'ora, usibaki ndani.

Mpwa wangu aliyaandika haya yote. Jumatano, alipotoka kazini, alikwenda na tochi. Akanitumia picha akiwa chini ya nyumba, nguo za kazi bado mwilini. Sakafu ngumu, nguzo zimenyooka, kibandiko kipo, mwaka 1998. Kisha akaingia ofisini akauliza kuhusu kiwanja. Akaambiwa mkataba ni wa mwezi kwa mwezi, na kwamba hawajawahi kumtoa mtu. Akaomba wayaandike maneno hayo. Wakasema watamjibu.

Jana usiku alipiga tena. Hawajamjibu, na muuzaji anamharakisha, anasema kuna mteja mwingine. Ameamua kuzirudisha zile dola 4,000 kwa mweka hazina wa upatu mpaka jibu lije. Aliniambia kuna mama wa Bukavu, mwenzake kazini, anayeishi paki nyingine umbali wa dakika 40, na huko wakaazi wameanza kukutana kwenye ukumbi wa kanisa kuzungumzia kuinunua ardhi. Mkutano ni Jumamosi. Ameomba ruhusa kazini aende kusikiliza.

Kabla hajakata simu akaniuliza, "Mjomba, ile milango ya nyumba ya nyanya mliipeleka wapi?"

Nikamwambia mmoja uko kwa mama yake, Kisauni. Ni ule wa chumba cha nyuma, wenye bawaba zisizolingana. Niliziokota mimi.